Bustani, duka au kitabu? Kuchagua mradi wa darasa la kwanza na la pili

Mtaala unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Hilo hakuna mwalimu anayelipinga, semina zimeshatuimbia vya kutosha. Shida huanza Jumatatu asubuhi: watoto 80 na ushee, madawati yamebanana, kipindi ni dakika 30, na mwalimu uko peke yako na boksi la chaki. Watende nini hasa?

Ukikaa ofisini na walimu wa madarasa ya chini utasikia miradi mitatu ikitajwa kuliko mingine: bustani, duka la darasa, na kitabu kinachoandikwa na watoto wenyewe. Nimeifanya yote mitatu kwa miaka tofauti. Mingine niliiharibu, nitasema wapi. Ninayemwandikia hapa ni mwalimu mwenye nafasi ya mradi mmoja tu muhula huu na hajui ashike upi.

Vipimo kwanza

Kipimo changu kikubwa ni mikono. Simama mlangoni katikati ya shughuli, uhesabu watoto ambao mikono yao ina kazi wakati huo huo. Wanaotazama usiwahesabu, wala wanaoitikia "ndiyo mwalimu". Nimeshaona mradi umepambwa, wageni wamepiga picha, kumbe watoto 6 wanafanya na 70 wanashangilia. Aliyekaa dawati la nyuma hakugusa hata kizibo. Kwa madarasa yetu hiki ndicho kipimo kinachoangusha miradi mingi, na ndicho kisichoandikwa kwenye andalio la somo.

Vingine vinafuata haraka. KKK: mradi unalisha kusoma, kuandika au kuhesabu, na kwa kiasi gani? Darasa la pili lina upimaji wake, na hakuna mwalimu mkuu atakayekuelewa ukimwambia watoto hawasomi ila wanamwagilia vizuri. Gharama: nani anatoa vifaa? Muda: wiki ngapi, na likizo inaangukia wapi? Mwisho, mradi ukiharibika unaharibikaje, maana lazima siku moja uharibike.

Bustani

Bustani ina historia yake kwetu, na ni vizuri uijue kabla hujashika jembe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule iwe na shamba na mwanafunzi ajifunze kwa kulifanyia kazi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini miaka ilivyokwenda, katika shule nyingi jembe likawa adhabu ya waliochelewa kufika asubuhi. Mzazi wa leo anakumbuka hilo mgongoni mwake, kwa hiyo usishangae akija kukuuliza, "Mwalimu, hivi mnawalimisha watoto?" Nilichojifunza ni kwamba bustani ya mradi isitumike kuadhibu hata siku moja. Ukishamtuma mtundu akapalilie, umeimaliza.

*Mikono.* Tuta moja kwa watoto 80 halifai. Majembe manne, ndoo mbili, waliobaki wanakanyaga miche. Niliyaona haya mwaka wa kwanza, nikahamia kwenye chupa. Kila mtoto analeta chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Mimi nazikata nyumbani kwa kisu, natoboa chini kwa msumari wa moto. Kazi hiyo wasiachiwe watoto. Darasani kila mmoja anajaza udongo, anapanda kunde mbili, anaandika jina lake ubavuni. Hapo mikono ni 80 kati ya 80, na wengi wao ndiyo mara ya kwanza wanaandika jina lao kwa sababu wanalihitaji, si kwa sababu mwalimu kasema.

*KKK.* Kunde kwenye joto letu la pwani huchomoza siku ya 3 mpaka ya 5, na kuanzia hapo kuna cha kupima. Sitoi rula. Kila Jumatatu mtoto anasimamisha uzi kando ya mche wake, anaukata pale ilipofikia ncha, halafu anaubandika kwenye daftari, nyuzi zote zikianzia mstari mmoja. Wiki ya nne ana nyuzi nne zinazopanda kama ngazi. Hajasikia neno grafu, lakini ukimuuliza mche ulikua sana wiki gani, anakuonyesha kwa kidole. Binti mmoja alinijia akasema uzi wake wa wiki ya tatu na wa wiki ya nne viko sawa. Tukaenda kutazama. Alikuwa ameificha chupa chini ya dawati isiibiwe, mche umepauka kama karatasi. Somo la mwanga lilijifundisha lenyewe siku ile, mbele ya darasa zima.

Kwa kuhesabu, basi, bustani inalipa. Kwa kusoma hailipi sana. Utapata maneno machache ya kubandika ukutani: mbegu, mzizi, shina, jani. Ukitaka zaidi itabidi ulazimishe.

*Gharama.* Mbegu si kitu. Maji ndiyo bei. Kama shule inachota kisimani au inanunua dumu, fikiria mara mbili.

*Muda.* Wiki 5 au 6 ukitaka waone majani ya kuchuma. Mchicha ungekuwa tayari wiki ya 3 au ya 4, ila mbegu zake ni ndogo mno kwa vidole vya miaka saba. Changanya na mchanga ndipo wamwage. Kwa sisi wa mvua mbili, masika huanza Machi, lakini angalia likizo fupi isikukatie katikati. Wenzetu wa Dodoma na Singida wana msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo wapange mapema zaidi.

*Ukiharibika.* Mwaka ule wa tuta, Jumatatu moja tulikuta mbuzi wamepita. Hakikubaki hata kikonyo, watoto wakalia, na mimi sikuwa na la kufundisha. Kwenye chupa hasara ni ya mmoja mmoja, na unaweza kupanda chupa 10 za akiba kimya kimya. Mtoto ambaye mche wake umekufa anapewa wa akiba, anaendelea na nyuzi zake.

Bustani inamfaa mwalimu mwenye maji karibu, uzio au dirisha lenye jua, na subira. Inafaa pia darasa lenye watoto ambao bado hawajazoea shule, wale wa kulia kila asubuhi. Mtoto mwenye mche anataka kuja shule.

Duka la darasa

Nitakaa hapa kidogo maana duka lina mambo.

Unakusanya paketi tupu: majani ya chai, sabuni, chumvi, kiberiti, unga. Unatengeneza hela kwa vizibo vya soda au maboksi yaliyokatwa, ukiandika 50, 100, 200 na 500 kama sarafu zetu zilivyo. Mizani ni rula juu ya kipande cha mti, na vikopo viwili. Mtoto wa mjini hahitaji kuelezwa kitu. Kila jioni anatumwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani.

Uzuri wa duka ni kwamba hesabu aliyoshindwa ubaoni anaifanya dukani. Nilikuwa na mvulana ambaye ukimwandikia 500 toa 350 anatazama dari. Dukani aliuza chai ya 350, akapokea mia tano, akaanza kuweka vizibo mkononi mwa mteja: "Mia nne, mia tano, chenji yako hii." Alikuwa amepanda kutoka bei kwenda juu, vilevile wanavyofanya wenye maduka, wala hakukopa kutoka safu yoyote. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokiona mjini Recife huko Brazili. Watoto 5 waliokuwa wakiuza vitu mitaani walikokotoa karibu hesabu zote bila kosa walipokuwa wakiuza, lakini walipopewa hesabu za aina hiyo hiyo kwenye karatasi walikosa nyingi. Nilipoisoma kazi hiyo nilimkumbuka yule kijana wa vizibo. Kichwani hesabu ilikuwemo. Ubao ndio haukuwa na mlango wa kumwingizia.

*Mikono.* Ndipo penye mtego. Duka moja mbele ya darasa lina muuzaji, mteja, na watazamaji 78. Usifanye duka. Fanya gulio. Gawa watoto katika vibanda 10, kila kibanda watoto 8: wawili wanauza, mmoja anaandika mauzo, watano wananunua kwenye vibanda vya wengine. Piga kengele kila dakika 10, wabadilishane. Kelele zitakuwepo. Mwambie mwalimu wa chumba cha pili mapema, na siku hiyo umnunulie chai.

*KKK.* Kuhesabu ni wazi. Kwa darasa la kwanza ambao hawajafika mamia, taja bei zote kwa mia: chumvi mia tatu, sabuni mia tano, halafu wahesabu vizibo vya mia. Kimsingi ni 5 toa 3, ila inasikika kama hela ya kweli. Kusoma kunaingia kupitia paketi. Hakuna mtoto asiyetambua maandishi ya sabuni ya kwao. Kuandika kulinishangaza. Wiki ya pili kibanda kimoja kilianza kukopesha. Sikuwafundisha mimi. Walichukua daftari, wakachora mistari, wakaandika nani anadaiwa nini, na juu kabisa: "LEO FEDHA KESHO MKOPO", kama walivyoona ukutani mtaani kwao. Kusema kweli sijawahi kupata zoezi la kuandika lililosomwa kwa makini kama daftari lile la madeni, maana kila jina lilikuwa na mwenyewe aliyekuja kulikagua.

*Gharama.* Karibu bure, mradi uombe tupu na si vipya. Kenya, mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza rasmi kwenye gredi za chini mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kazi za mtoto zinawakimbiza madukani usiku. Kwetu nako, shule za serikali hazitozi ada na michango ina taratibu zake. Kwa hiyo kwenye ujumbe kwa mzazi andika "paketi zilizokwisha", na yule asiyeleta kitu apewe kazi ya ukarani bila kuulizwa sababu.

*Muda.* Wiki 2 au 3. Zikizidi, linakuwa mchezo wa kawaida na hesabu inapotea.

*Ukiharibika.* Ugomvi, na vizibo kutoweka. Usitumie sarafu halisi, hata kama mtoto amekuja nazo. Mimi nilitumia siku moja, nikaishia kutafuta shilingi 200 ya mtoto wa watu mpaka saa nane mchana. Hatari nyingine haionekani haraka: watoto wa wenye maduka watatawala. Wape nafasi ya kununua kwanza, wauze mwisho.

Linamfaa mwalimu wa mjini asiye na kiwanja, mwalimu mwenye darasa lililodumaa kwenye kutoa na kujumlisha, na yeyote anayefanya mradi kwa mara ya kwanza. Halimfai anayeumwa kichwa na kelele.

Kitabu cha darasa

Kila mtoto ukurasa wake, kurasa zote zinashonwa pamoja, na kitabu kinakaa darasani kisomwe. Rahisi kueleza, kazi kutenda.

Usiwaambie waandike "hadithi". Mtoto wa miaka saba ukimwambia hivyo anaandika "Palitokea sungura" na kukwama hapo. Chagua kitu chenye umbo. Mimi hutumia vitendawili. Mtoto anaenda nyumbani kuomba kitendawili kwa bibi, babu au jirani, anarudi nacho kichwani. Upande mmoja wa karatasi anaandika: "Nyumba yangu haina mlango." Nyuma ya karatasi anachora yai. Mwingine: "Kuku wangu katagia mibani." Nyuma, nanasi. Msomaji lazima akisie kabla hajafunua, kwa hiyo kinasomwa tena na tena, na mtoto anayejua jibu hufurahi zaidi ya yule asiyelijua.

*Mikono.* Hapa hakuna mradi unaoushinda, kwa sababu kila mtu ana karatasi na penseli. Lakini mkono wenye kazi na mkono uliokwama vinafanana ukiwa mbali. Katika watoto 80, watakuwepo 20 ambao herufi bado ni michoro kwao. Wale wachore kwanza, halafu watamke, na mtu awaandikie. Peke yako hutaweza. Nimekuwa nikiazima wanafunzi wa darasa la sita, kumi tu, dakika 30, wakae kama makarani. Mdogo anasema, mkubwa anaandika kwa penseli hafifu, mdogo anapitisha wino juu. Wakubwa wanapenda kazi hiyo kupita kiasi. Wengine walianza kujiita waheshimiwa.

*KKK.* Kusoma na kuandika, kwa wingi. Hesabu, hapana. Labda namba za kurasa.

Kuna jambo moja bustani na duka haviligusi. Kwa watoto wengi wa vijijini Kiswahili ni lugha ya pili. Bibi anatega kwa Kihehe, kwa Kisukuma, kwa Kinyakyusa, na mtoto anakuja na kitu ambacho darasani hakina jina. Usikikatae. Mwache akiseme kilugha, darasa litafute Kiswahili chake pamoja, na ukurasa ubebe vyote viwili. Wakati mwingine kitendawili kinakufa njiani kwa sababu mchezo wa maneno ulikuwa wa kule kule. Watoto wanaligundua hilo wenyewe, na hayo mabishano yao ndiyo somo la lugha. Wenzetu wa Kenya wanaotumia lugha ya eneo kwenye gredi za mwanzo wataliona hili haraka kuliko sisi.

*Gharama.* Karatasi zilizochapwa upande mmoja hazifai, maana jibu liko nyuma. Itabidi karatasi safi 80 na za akiba, sindano kubwa, uzi wa kushonea magunia, na boksi la kava. Omba shuleni, ni vitu vya kuingia kwenye bajeti bila maneno.

*Muda.* Wiki 3, ila kazi yako wewe ni nzito kuliko kwenye miradi mingine. Kusahihisha kurasa 80 si mchezo.

*Ukiharibika.* Kinaharibika kwa mzazi. Ukurasa unarudi na mwandiko wa mtu mzima, mistari imenyooka kama ya benki. Mara ya kwanza nilinyamaza, kesho yake zikaja 14 za namna ile. Siku hizi karatasi haitoki darasani. Kinachokwenda nyumbani ni swali tu. Hatari ya pili ni kusahihisha mno. Mtoto akiandika "nanansi", mwonyeshe, arekebishe mwenyewe; ukimjazia wekundu, ukurasa si wake tena.

Faida ya kitabu ni kwamba kinabaki. Kunde zinaliwa, vizibo vinapotea, lakini darasa linalokuja litakikuta na kukisoma, na pale ambapo watoto wanne wanagombea kitabu kimoja cha kiada, kitabu kimoja cha ziada si haba. Kiweke mbali na mchwa. Kinamfaa mwalimu ambaye darasa lake linakariri silabi lakini haliandiki sentensi, na shule yenye madarasa ya juu yanayoweza kutoa makarani.

Ukiwa katika hali hii

Una watoto zaidi ya 70, maji ya taabu, na hujawahi kufanya mradi: gulio. Likikushinda siku ya pili, unafunga vibanda na hakuna kilichokufa.

Darasa la kwanza Januari, nusu hawajashika penseli: kunde kwenye chupa. Jina ubavuni mwa chupa litakuwa mwandiko wao wa kwanza wenye mwenyewe. Gulio lisubiri mpaka wajue kuhesabu bila vidole vya jirani.

Darasa la pili, miezi michache kabla ya upimaji, kusoma kunasuasua: kitabu. Kama kinachosuasua ni kutoa na kujumlisha, gulio. Usifanye vyote viwili kwa pamoja kwa kuogopa. Nilijaribu, nikapata nusu ya kila kimoja.

Watoto 35 au 40, kama shule nyingi za binafsi: vyote vitatu vinawezekana, na hata tuta la kawaida litafanya kazi. Hapo chagua kwa kuangalia wazazi. Kama ni watu wa kumfanyia mtoto kila kitu, epuka mradi wowote unaolala nyumbani.

Kijijini, mvua inanyesha, bibi wako karibu: ama bustani ama kitabu, na mimi ningewauliza watoto. Mjini ghorofani, hakuna hata kipande cha udongo: chupa 10 dirishani kwa vikundi, au gulio kwenye korido mwalimu mkuu akikubali.

Umebakiza wiki tatu kufunga shule: bustani iache kabisa. Anza kukusanya vizibo leo. Muuza soda wa pale getini anavyo ndoo nzima, ukimwomba kwa adabu atakupa bure, ila uvioshe na ubanje kingo zake kwa nyundo kabla havijafika mikononi mwa watoto.